Kutoka Vikundi vya Redio hadi Kozi za Mtandaoni: Ufundishaji wa Mbali Ukitazamwa kutoka Sumbawanga



Mada ya mhadhara huu ni ya utendaji: mhadhiri wa chuo kikuu anayeendesha kozi mtandaoni atumie mbinu zipi na zana zipi. Mihadhara ya taaluma za Kiswahili aghalabu huhusu fasihi, isimu au historia ya lugha, na yumkini wapo watakaoshangaa kuliona somo la zana likiingizwa humu. Ninaliingiza kwa sababu mbili. Kwanza, ufundishaji wa mbali una historia ndefu katika nchi yetu, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa na kutangazwa kwa Kiswahili. Pili, miongozo mingi ya ufundishaji mtandaoni inayotumika vyuoni mwetu huanza masimulizi yake Ulaya na Marekani, kisha huyafikisha kwetu kana kwamba jambo lenyewe limezaliwa siku nyaya za intaneti zilipotua pwani. Nimechagua kuitazama historia hiyo kutoka mahali pamoja, yaani Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa. Pale umbali si istilahi ya kitaaluma. Ni zaidi ya kilometa 1,100 za barabara kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi kipande cha mwisho, kutoka Tunduma, kilikuwa cha udongo.

Uwanda huo umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na mwaka 2012 ukagawanywa, sehemu yake ya kaskazini ikawa Mkoa wa Katavi. Wakazi wake ni Wafipa pamoja na majirani zao, wakiwamo Wamambwe na Walungu, na uchumi wao umesimama juu ya mahindi, maharage na ulezi. Katika miaka ya 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi nchini. Naitaja habari hii ya mahindi makusudi, kwa kuwa itatuhusu tutakapofika kwenye kalenda ya mitihani.

Yafaa tukumbuke kwamba Ufipa ilikuwa na elimu ya kiwango cha juu kabla ya barua na redio, na kwamba elimu hiyo haikuweza kusafirishwa. Wafipa walifua chuma. Matanuri yao marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyeyusha mawe bila mivukuto, yakitegemea hewa iliyopanda yenyewe kutoka chini. Kisha chuma hicho kilisafishwa katika tanuri dogo. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda aliitafiti teknolojia hiyo kwa kina, na magofu ya matanuri bado yanaonekana. Mafundi hao hawakumwachia mwanagenzi maandishi. Alijifunza kwa kusimama kando ya tanuri usiku na mchana, akiitazama rangi ya moto. Zipo stadi za namna hiyo hadi leo, na mhadhiri anayepanga kozi ya mtandaoni angepaswa kuanza kwa kujiuliza ni sehemu gani ya somo lake ni malungu, yaani haifundishiki ila kwa kuwa pamoja. Mwanafunzi wa sayansi wa Chuo Kikuu Huria husafiri kwenda maabara kwa sababu hiyo hiyo. Kosa la programu nyingi za mtandaoni ni kudhani kwamba kila kitu chaweza kupakiwa, au, kwa upande wa wapinzani wao, kwamba hakuna kinachoweza kupakiwa.

Ufundishaji wa mbali wenyewe uliingia kwa njia ya dini. Wamisionari wa Afrika, wajulikanao kama Mapadre Weupe, walifika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na baadaye wakaenea uwandani. Mapadre walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi. Kwa hiyo padri alikaa misheni, na kijijini akakaa katekista, mtu wa mahali pale, mwenye kitabu kimoja au viwili, aliyefundisha kusoma na mafundisho ya dini kati ya ziara moja ya padri na nyingine. Katika mpangilio huo tunaiona sura ya jambo zima: mwalimu mkuu aliye mbali, maandishi yanayosafiri, na mtu wa karibu anayeyafanya maandishi yaseme. Adrian Atiman, ambaye jina lake limebaki kwenye hospitali mjini Sumbawanga, alikuwa katekista na tabibu wa namna hiyo. Alizaliwa Afrika Magharibi, akakombolewa utumwani, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuhudumu huko hadi kufariki kwake mwaka 1956. Kwa takriban miaka 67 alitibu mbali kabisa na walimu wake. Sijui kama yupo mhitimu mwingine wa elimu ya tabibu katika eneo hili aliyelazimika kuitumia kwa muda mrefu hivyo pasipo profesa wa kumwuliza.

Baada ya Uhuru mpangilio huo ulichukuliwa na dola na kupanuliwa kwa kiasi ambacho hakijapata kurudiwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu kabla ya kupewa mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 1975, ilianzisha kampeni za redio. Mwaka 1969 ilikuwa Kupanga ni Kuchagua, kuhusu mpango wa maendeleo. Mwaka 1970, Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, Wakati wa Furaha, kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Kampeni hizo zilikuwa ndogo. Ile ya mwaka 1973, Mtu ni Afya, iliwafikia watu wapatao 2,000,000, na viongozi wa vikundi waliofunzwa kwa ajili yake walizidi 70,000. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai.

Nitakaa kidogo juu ya Mtu ni Afya, kwani naiona kuwa kozi ya mbali iliyobuniwa kwa ustadi kuliko zote zilizopata kufanyika Tanzania, zikiwamo zetu za vyuo vikuu. Ilidumu wiki 12. Kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi cha Redio Tanzania Dar es Salaam, kisha mmoja akasoma kwa sauti sehemu ya kitabu iliyohusu somo la siku hiyo: malaria, safura, kichocho, kuhara, kifua kikuu. Waliokuwa bado wanajikongoja katika kusoma walisikia mara mbili kile walichotakiwa kukielewa. Ndipo yakaja maswali, na maswali hayo hayakuuliza redio imesema nini. Yaliuliza kuhusu kijiji chenyewe: je, maji yetu tunayateka wapi, nani miongoni mwetu hana choo, tutafanya nini kabla ya kukutana tena. Vyoo vikachimbwa kwa malaki. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari wala mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watu, kuwasha redio, kumzuia msemaji mmoja asimeze kikao, na kuhakikisha kwamba lililoamuliwa limetendwa. Alifunzwa kwa siku chache tu.

Tukivitenganisha viungo vya kozi hiyo tutaona vitatu: sauti, maandishi na mtu. Sauti ilitoka Dar es Salaam kwa saa moja kwa wote. Maandishi yalikuwa mafupi, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili chepesi. Mtu alikuwa wa mahali. Kozi zetu za mtandaoni zina sauti na maandishi kwa wingi kupita kiasi. Kiungo cha tatu ndicho tulichokiacha njiani, na nadhani tulikiacha kwa sababu hakiuzwi na kampuni yoyote ya programu.

Jaribio kubwa lililofuata lilikuwa la walimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka Elimu ya Msingi kwa Wote itimizwe mapema kuliko ilivyokuwa imepangwa, na vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba wakateuliwa vijijini mwao, wakafundisha madarasa ya chini kwa sehemu ya siku, na kwa sehemu iliyobaki wakajisomea ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na ziara za wakufunzi. Hadi mpango huo ulipomalizika katika miaka ya 1980, zaidi ya walimu 35,000 walikuwa wamehitimu kwa njia hiyo. Umma haukuwaheshimu sana walimu hao, na jina lao la UPE likageuka kuwa kejeli. Mimi naona kejeli hiyo haikuwa ya haki. Upungufu wao ulikuwa wa elimu ya msingi waliyoingia nayo na wa vitabu vilivyochelewa. Njia waliyofunzwa ilikuwa na jambo ambalo vyuo vingi vya bweni havikuwa nalo: mwanafunzi alijaribu asubuhi ya leo kile alichokisoma jana jioni, mbele ya watoto halisi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, baada ya mapendekezo ya kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga, na kilizinduliwa rasmi mwezi Januari 1994, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Kiliweka vituo mikoani, na kituo cha Rukwa kikawa Sumbawanga. Kwa mtumishi wa umma wa Ufipa, hasa mwalimu wa shule, hili lilikuwa badiliko kubwa. Hapo awali shahada ilimaanisha kuacha kazi, shamba na jamaa kwa miaka mitatu au minne, kama ruhusa ilipatikana. Kwa wanawake ruhusa hiyo ilikuwa na milango zaidi ya mmoja wa kubishwa.

Hata hivyo, chuo hicho kilirithi maandishi kwa uzito kuliko kilivyorithi mtu. Vitabu vya kozi za mwanzo vilitoka kwa sehemu katika vyuo vya nje, kikiwamo Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu Huria cha Indira Gandhi cha India. Vilikuwa vitabu vizuri, lakini vilikuwa vya Kiingereza, na viliandikwa kwa ajili ya mwanafunzi ambaye mwandishi hakumjua. Mikutano ya ana kwa ana ilifanyika mara chache kwa mwaka. Kati ya mkutano mmoja na mwingine mwanafunzi wa Sumbawanga alikuwa na kitabu, taa ya chemli, na wenzake wachache endapo aliwatafuta. Vikundi vya kujisomea viliota vyenyewe pale vilipoota.

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapoingia moja kwa moja. Katika ukumbi wa mihadhara, Kiingereza cha rasmi hakisimami peke yake. Mhadhiri husoma fasili kwa Kiingereza, huona nyuso zimekunjamana, akageukia Kiswahili kwa dakika tano, akatoa mfano wa daladala au wa gunia la mahindi, kisha akarudi kwenye slaidi. Hakuna kanuni ya chuo inayotambua dakika hizo tano, wala haziandikwi katika muhtasari wa kozi, ila pasi na shaka sehemu kubwa ya uelewa hutokea ndani yake. Kozi inapohamishiwa mtandaoni, kinachohamishwa ni slaidi, na dakika tano zinabaki ukumbini. Mwanafunzi wa mbali hupokea Kiingereza kikavu, bila ufafanuzi uliokuwa ukikisindikiza. Tukisikia kwamba wanafunzi wa mtandaoni huacha masomo kwa sababu ya intaneti dhaifu, tunasikia sehemu moja tu ya ukweli. Faili lililofunguka lakini halikueleweka limeshindwa sawasawa na lile lisilofunguka.

Intaneti yenyewe ilifika kwa hatua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mapema na mifumo ya kulipiwa, kikaja kuhamia Moodle, mfumo huria usio na ada ya leseni, ambao Chuo Kikuu Huria nacho kiliuchukua. Hadi mwaka 2009 nchi ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa. Mwaka huo waya wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, ukafuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kutandazwa kuelekea mikoani. Simu za mkononi zilikuwa zimetangulia. Mwanafunzi wa Nkasi alikuwa na simu mfukoni miaka kadhaa kabla ya kuwa na kompyuta ya kuifikia. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga nayo ikajengwa katika miaka iliyofuata, na siku hizi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi yake Rukwa. Mwezi Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, vyuo vingi nchini vilisimamisha masomo kwa kukosa maandalizi, ingawa mifumo ilikuwapo kwenye seva. Zana zilikuwapo, walimu wa kuzitumia hawakuwa wameandaliwa.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo kuhusu istilahi. Wataalamu wetu wamezozana juu ya kompyuta, ngamizi na tarakilishi, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Katika mzozo huo neno mtandao halikupingwa na mtu. Linatokana na kitenzi tanda, ambacho mfumi hukitumia anapozitandaza nyuzi kabla ya kufuma. Wafipa na majirani zao wa bonde la Rukwa walikuwa wafumi wa nguo za pamba, na wasafiri wa karne ya 19, kama Joseph Thomson, waliziona. Mfumi hujua kwamba nyuzi zilizotandwa bado si nguo.

Basi mhadhiri afanye nini? Nitasema machache ninayoyaona kuwa yanatokana na historia hii, nikiacha yale ambayo mwongozo wowote wa Moodle utamweleza.

Lililo kubwa kuliko yote ni kikundi. Kabla ya kupakia somo la kwanza, mhadhiri ajue wanafunzi wake wako wapi, awagawe kwa mahali, watu watano hadi wanane kwa kikundi, na kila kikundi kiwe na kiongozi aliyepewa maelekezo ya wazi. Waliopo Sumbawanga na waliopo Namanyere wakutane kimwili inapowezekana, hata mara moja kwa mwezi, kituoni au katika shule; baina ya mikutano watumie kikundi cha WhatsApp. Kiongozi asiwe mwalimu msaidizi bila malipo. Kazi yake iwe ile ya mwaka 1973: kukutanisha, kusomesha kwa sauti sehemu ngumu, na kupeleka kwa mhadhiri swali moja ambalo kikundi kimeshindwa kulijibu. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 hawezi kujibu maswali 200 kwa wiki, lakini maswali 30 ya vikundi anaweza, na kwa kawaida yatakuwa maswali bora kwa sababu yamekwisha kubishaniwa.

La pili ni dakika tano. Kwa kila somo mhadhiri arekodi sauti yake kwa Kiswahili, dakika tano hadi kumi, akieleza fasili moja au mbili ngumu kama ambavyo angeeleza ukumbini, na kwa mifano ile ile. Sauti peke yake, bila picha, huwa na faili dogo; hupakuliwa mara moja na kusikilizwa mara nyingi, shambani au ndani ya basi la Laela. Video ya saa nzima ya mhadhiri aliyeketi mbele ya rafu ya vitabu haina faida hiyo, na humgharimu mwanafunzi fedha za bando. Wapo wenzangu watakaosema kwamba lugha rasmi ya kufundishia ni Kiingereza. Ni kweli kwa kozi nyingi, na mtihani utabaki hivyo. Kanuni hiyo haijawahi kuwazuia kutumia Kiswahili ukumbini.

Maandishi nayo yavunjwe vipande vinavyosomeka katika kikao kimoja, na mwisho wa kila kipande liwepo swali ambalo jibu lake halimo katika kipande hicho. Hii ndiyo dawa ya kweli ya udanganyifu, na imekuwa ya lazima zaidi tangu programu za akili unde zianze kuandika insha. Swali la fasili hujibiwa na mashine. Swali linalomtaka mwanafunzi apime, ahesabu au aulize watu waliomzunguka halijibiki bila yeye kutoka nje.

Kuhusu muda, jaribio la saa moja linalofunguka kwa wote saa mbili usiku ni urithi wa redio uliochukuliwa bila kufikiri. Mwaka 1973 aliyekosa kipindi alikuwa na kitabu na kikundi. Leo umeme ukikatika Sumbawanga dakika ya ishirini, mwanafunzi amepoteza alama. Jaribio lifunguliwe kwa siku mbili au tatu, na majibu yaweze kuandikwa nje ya mtandao kisha yakatumwa. Kalenda nayo itazamwe. Ufipa huvuna kati ya Mei na Julai, na mwalimu wa shule ya msingi mwenye ekari tatu za mahindi ni mkulima pia. Kuweka kazi tatu kubwa mwezi Juni ni kumwambia achague.

Marejesho yasichelewe. Katika elimu kwa njia ya posta karatasi iliyosahihishwa ilirudi baada ya wiki nyingi, na mwanafunzi alikuwa amekwisha sahau alichokiandika. Mtandao umeliondoa kabisa kosa la posta, lakini kosa la mhadhiri limebaki pale pale. Mistari mitatu ndani ya wiki moja ina manufaa kuliko ukurasa mzima mwishoni mwa muhula.

Nimalizie na mfano kutoka taaluma yetu wenyewe. Kifipa kimepewa alama M.13 katika uainishaji wa Guthrie, na wasemaji wake wamo sokoni Sumbawanga kila siku, wakikichanganya na Kiswahili kwa namna ambayo mhadhiri wa isimu aliyeko Dar es Salaam hawezi kuisikia. Kozi ya isimujamii inayofundishwa mtandaoni ingeweza kumpa mwanafunzi wa huko kazi ya wiki sita: asikilize katika sehemu tatu, sokoni, kanisani na ofisi ya kijiji, aandike ni lini msemaji anahama kutoka lugha moja kwenda nyingine, na nani anakuwapo anapohama, akijadili na kikundi chake kabla ya kuandika. Data hiyo iwekwe pamoja na ya wenzake wa Kigoma, Newala na Bukoba, na darasa zima liisome. Mwanafunzi aliyeko bweni Dar es Salaam, mwenye intaneti ya kasi na maktaba jirani, atalazimika kwa mara moja kumngojea mwenzake wa Ufipa atume faili.